PXE ya kawaida, iPXE au HTTP Boot: kuchagua njia ya kuwasha mashine pepe kupitia mtandao

Mtu aliyewahi kukaa mbele ya skrini nyeusi ya mashine pepe na kusoma "PXE-E53: No boot filename received" anajua jinsi maneno hayo machache yanavyoweza kumaliza siku nzima. Mashine imeomba anwani na imepewa, lakini hakuna aliyeiambia ichukue faili gani. Na katika mtandao wenye seva mbili za DHCP (huduma inayogawa anwani za mtandao), daraja moja na ngome mbili (firewall), aliyenyamaza anaweza kuwa yeyote. Mara nyingi mtu akifika hapo huanza kuishuku njia yenyewe aliyoichagua, akidhani kwamba kama angetumia iPXE au HTTP Boot badala ya PXE ya zamani angekuwa amekwisha kumaliza kazi.

Makala haya yanalinganisha njia hizo tatu za kuiwasha mashine kwa faili linalotoka kwenye mtandao badala ya diski, kwa ajili ya msomaji aliyekwama kati yake. Wengi huanza na swali la kasi. Mimi naliweka karibu na mwisho, kwa sababu faili la kuwashia hupakuliwa mara moja kwa kila usakinishaji, ilhali hitilafu isiyojulikana chanzo chake inaweza kukushughulisha kwa wiki. Swali ninaloanza nalo ni jingine: njia hii itakapokwama, itaacha ushahidi gani, na ushahidi huo nitausoma wapi?

## Hatua tatu na vigezo vitano

Njia zote tatu hupitia hatua zilezile. Kwanza mashine pepe hutafuta anwani kwa DHCP: hutuma tangazo kwa kila aliye kwenye mtandao, hupokea pendekezo, huliomba rasmi, kisha huthibitishiwa. Pili, hupakua faili la kuwashia. Tatu, faili hilo huleta kerneli (kiini cha mfumo endeshi) na initrd (mfumo mdogo wa faili wa kuanzia), na kuanzia hapo mfumo endeshi huuanza mtandao upya kwa viendeshi vyake wenyewe. Hatua hii ya tatu ndiyo inayosahaulika zaidi. Kerneli ikishaanza kuandika kwenye skrini, kazi ya kuwasha kupitia mtandao imekwisha. Mashine ikikwama baada ya hapo kwa sababu initrd haina kiendeshi cha kadi pepe ya virtio au ya vmxnet3, au kwa sababu RAM uliyoigawia haikutosha kuipokea picha ya mfumo, kuhama kutoka TFTP (itifaki ya upakuaji ya PXE ya kawaida) kwenda HTTP hakutabadili chochote.

Kila njia nitaipima kwa vigezo vitano: jinsi inavyofanya kazi, mahali inapokwama, ushahidi inaouacha, kasi na usalama wake, na mtu inayemfaa. Kigezo cha pili na cha tatu nimevipa uzito zaidi, na msomaji asiyekubaliana na uzito huo anaweza kuruka hadi anachokihitaji.

## Makosa yasiyotegemea chaguo lako

Kabla ya kulinganisha chochote, kuna makosa ambayo yatakufuata hata ukibadili njia mara tatu, kwa kuwa yamo katika mtandao wa mashine pepe wenyewe.

Kosa la kwanza kwa wingi ni aina ya muunganisho. Mtandao wa NAT (unaozificha mashine pepe nyuma ya anwani ya kompyuta mwenyeji) unaoletwa na programu ya kuendesha mashine pepe kwa kawaida huja na seva yake ya DHCP: libvirt huweka dnsmasq kwenye daraja la virbr0 na mtandao wa 192.168.122.0/24, na VMware Workstation huweka ya kwake kwenye vmnet8. Seva hiyo ya ndani hutoa anwani upesi, bila jina la faili lolote, nayo ndiyo chanzo cha kawaida cha PXE-E53. Wakati huohuo seva yako halisi ya kuwashia, iliyo nje, haisikii kitu, kwa sababu tangazo la DHCP halivuki NAT wala ruta isiyowekewa kipokezi cha kulipeleka mbele. Tiba ni mojawapo ya mbili: tumia daraja linalounganisha mashine pepe moja kwa moja na mtandao wenye seva yako, au iambie seva ya ndani yenyewe itoe jina la faili. Katika libvirt hilo huandikwa kwenye maelezo ya mtandao kwa vipengele vya tftp na bootp; QEMU inayoendeshwa kwa mkono hupokea tftp= na bootfile= ndani ya -netdev user; na VirtualBox katika hali ya NAT hutafuta folda iitwayo TFTP ndani ya folda yake ya usanidi, kisha faili lenye jina la mashine pepe na kiishio cha .pxe.

Daraja nalo lina mitego yake. Likijengwa juu ya kadi ya Wi-Fi huwa halina uhakika, kwa maana kituo cha Wi-Fi hukubali anwani ya MAC ya kompyuta iliyojiunga nacho tu, wakati mashine pepe inakuja na MAC nyingine. Daraja la Linux lililowashwa STP (itifaki ya kuzuia pakiti kujizungusha) na kuachiwa muda wa kusubiri wa sekunde 15 hupita hatua mbili za kusikiliza na kujifunza, jumla sekunde 30, kabla ya kuanza kupitisha pakiti za mashine iliyounganishwa sasa hivi. Programu ya kuwashia inaweza kukata tamaa kabla ya hapo, nawe ukaona PXE-E51, yaani hakuna seva iliyojibu. Ukiizima na kuiwasha mashine pepe, muunganisho huundwa upya na saa huanza upya, kwa hiyo kurudia mara kumi hakusaidii. Punguza muda huo uwe sifuri au zima STP kwenye daraja lisilo na uwezekano wa kujizunguka.

Kwa Hyper-V, mashine ya Generation 1 haiwaki kupitia mtandao mpaka uiongezee Legacy Network Adapter, ilhali ya Generation 2 hutumia kadi ya kawaida.

Mtego mmoja mpya zaidi unastahili aya yake. Mnamo Januari 2024 udhaifu tisa katika sehemu ya mtandao ya EDK2, ambayo ndiyo msingi wa OVMF, programu dhibiti (firmware) inayoziwasha mashine pepe za UEFI, ulitangazwa hadharani kwa jina la PixieFail. Marekebisho yaliyofuata yaliufanya mtandao wa programu dhibiti udai chanzo cha namba za nasibu. Mashine pepe ya UEFI isiyo na kifaa cha virtio-rng, na ambayo aina ya CPU iliyopewa haina amri ya RDRAND, inaweza kuacha kuwaka kupitia mtandao baada tu ya OVMF kusasishwa, bila wewe kugusa seva yoyote. Dalili yake ni ya ajabu: chaguo za mtandao hupotea au hushindwa papo hapo, na kwenye daraja hakuna hata pakiti moja inayopita. Kuongeza virtio-rng huchukua dakika moja; kukisia kwamba hilo ndilo tatizo, kwa uzoefu wangu, huchukua alasiri nzima.

Ndiyo maana kipimo cha kwanza, kabla ya kugusa usanidi wa seva, ni kusikiliza pakiti:

tcpdump -eni virbr0 ether host 52:54:00:aa:bb:cc

Chuja kwa MAC ya mashine pepe badala ya kuchuja kwa poti, kwa sababu kabla ya DHCP mashine haina anwani ya IP, na baada ya ombi la kwanza TFTP huhamia poti nyingine. MAC zinazoanza na 52:54:00 ni za QEMU na KVM, 08:00:27 ni za VirtualBox, na 00:15:5d ni za Hyper-V, jambo linalosaidia pale daraja moja linapokuwa na wakazi wengi. Usipoona ombi, kosa liko ndani ya mashine pepe au kadi yake. Ukiona ombi bila jibu, songa mbele na usikilize kwenye kadi halisi, kisha kwenye seva yenyewe. Ukiona jibu likifika ilhali mashine inasisitiza kwamba haikujibiwa, kagua jumla hakiki (checksum) za UDP: kadi pepe zimewahi kupokea majibu ya DHCP kutoka seva iliyo kwenye kompyuta mwenyeji yakiwa na jumla hakiki isiyojazwa, na mpokeaji akayatupa.

## PXE ya kawaida pamoja na TFTP

Inavyofanya kazi. PXE ilitungwa na Intel, na toleo 2.1 la maelezo yake lilitolewa Septemba 1999. Mashine huomba anwani ikijitambulisha kama "PXEClient" katika chaguo la 60 la DHCP, hutaja aina ya programu dhibiti yake katika chaguo la 93, hupokea anwani ya seva na jina la faili, kisha hulipakua kwa TFTP kupitia poti 69 ya UDP. Kila kadi pepe yenye uwezo wa kuwashia mtandaoni inaielewa njia hii, na hilo peke yake ni hoja nzito.

Inapokwama. Kosa linalojirudia ni kutoa faili lisilolingana na programu dhibiti. Mashine ya BIOS, inayotuma 0 katika chaguo la 93, inahitaji faili kama pxelinux.0, na mashine ya UEFI ya biti 64, ambayo kwa kawaida hutuma 7, inahitaji faili la .efi kama grubx64.efi. Seva iliyoandikwa jina moja la faili kwa wote itafanya kazi vizuri kwa miaka, hadi siku mtu atakapounda mashine pepe mpya yenye UEFI. Hapo faili litapakuliwa lote, likatae kuendeshwa, na mashine irudi kimya kwenye orodha ya kuwashia. Mtu anayetazama upande wa seva tu ataona upakuaji uliofaulu na kuapa kwamba kila kitu ni salama.

TFTP yenyewe ina tabia inayowachanganya wengi. Ombi huenda poti 69, lakini seva hujibu kutoka poti nyingine iliyochaguliwa papo hapo, hivyo ngome iliyofungua poti 69 peke yake hulipokea ombi na kulizuia jibu. Kwenye Linux moduli ya nf_conntrack_tftp ndiyo inayoifundisha ngome uhusiano kati ya ombi na jibu hilo. Mtego mwingine ni ukubwa wa vipande. Wateja wengi huomba vipande vya baiti 1468, ambavyo pamoja na vichwa vya TFTP, UDP na IP hujaza pakiti ya baiti 1500 bila nafasi kubaki. Mtandao pepe unaopita ndani ya VXLAN (njia ya kubeba mtandao mmoja ndani ya mwingine) huhitaji baiti 50 za ziada, na kama njia ya chini haikupanuliwa, jibu la kwanza dogo hupita na data kubwa hupotea. Dalili ni upakuaji unaoanza kisha kuganda kwenye sifuri. Yafaa pia kukumbuka kwamba kuanzia Syslinux 5 faili la pxelinux.0 halitoshi bila ldlinux.c32 kando yake.

Ushahidi inaouacha. Misimbo yake ni mifupi lakini ni ya kuaminika kuliko inavyosifiwa. PXE-E51 ni kwamba hakuna pendekezo la DHCP. Kwenye UEFI mwenzake ni PXE-E16. PXE-E53 ni anwani bila jina la faili. PXE-E32 ni TFTP isiyojibu, na PXE-T01 ni seva iliyojibu kwamba faili halipo. Misimbo hiyo inakugawia hatua ya kwanza na ya pili vizuri. Daftari (log) la seva ya TFTP nalo ni hazina: pxelinux hutafuta usanidi wake kwa UUID ya mashine, kisha kwa MAC iliyotanguliwa na 01-, kisha kwa IP iliyoandikwa kwa herufi za heksadesimali ikipunguzwa tarakimu moja moja, na mwisho default. Ukiyaona majina hayo yakipita daftarini, unajua faili la kwanza lilifika na likaendeshwa, na kwamba kilichobaki ni jina au ruhusa ya faili la usanidi.

Kasi na usalama. TFTP ya asili hutuma kipande kimoja na kusubiri kithibitishwe kabla ya kutuma kingine. Kwa vipande vya baiti 512 na milisekunde moja ya kwenda na kurudi, initrd ya megabaiti 100 huchukua zaidi ya dakika tatu; kwa vipande vya 1468 ni kama sekunde 68. Ndani ya kompyuta moja yenye seva na mashine pepe pamoja, tofauti hiyo huioni. Umbali ukifika milisekunde 10, kipande cha 512 kinakupeleka zaidi ya nusu saa. TFTP haina nywila wala usimbaji, na yeyote aliye kwenye mtandao huohuo anaweza kujifanya seva. Secure Boot hupunguza hatari hiyo kwa kudai saini kwenye faili la kuwashia, lakini haifichi kinachopita.

Inamfaa nani. Inamfaa anayewasha mashine pepe chache ndani ya mtandao mmoja mdogo, mwenye mchanganyiko wa BIOS na UEFI, na anayetaka njia ambayo kila mwenzake anaijua.

## iPXE

Inavyofanya kazi. iPXE, programu huria ya kuwasha kupitia mtandao, ilitoka kwenye mradi wa Etherboot kupitia gPXE, ikajitenga mwaka 2010. Hupakiwa na PXE ya kawaida kama hatua ya kati, kwa faili la undionly.kpxe kwenye BIOS na ipxe.efi au snponly.efi kwenye UEFI, kisha huomba DHCP upya na kuendelea kwa HTTP, iSCSI au itifaki nyingine, ikifuata skripti inayoanza na #!ipxe. Inaweza pia kuandikwa ndani ya kadi yenyewe, na hapa pana jambo ambalo mtumiaji wa mashine pepe asilipite: kadi pepe za QEMU tayari zinakuja na iPXE. Mtu anayeona neno hilo kwenye skrini hudhani kwamba faili lake limepakuliwa, kumbe anaitazama ROM tu, yaani programu iliyomo ndani ya kadi.

Inapokwama. Kosa maarufu ni mzunguko usiokoma: PXE hupakua iPXE, iPXE huomba DHCP, seva huipa jina lilelile la iPXE, nayo hujipakua tena na tena. Dawa ni kuifundisha seva kutazama chaguo la 77, ambako iPXE hujitaja kwa jina, na kuipa skripti badala ya faili la kwanza. Lakini dawa hiyo huleta tatizo lake katika QEMU, kwa kuwa ROM nayo hujitaja "iPXE" tangu mwanzo. Seva hudhani hatua ya kati imekwisha kupita na kutoa skripti mara moja kwa iPXE ya ROM, ambayo huenda haikujengwa na HTTPS au amri uliyoitegemea. Skripti inayofanya kazi kwenye kompyuta halisi na kushindwa kwenye mashine pepe mara nyingi inaugua ugonjwa huu. Suluhisho ni skripti yenyewe kukagua uwezo uliopo na kupakua iPXE uliyoijenga, au kuibadilisha ROM kwa romfile=.

Kuhusu viendeshi, ipxe.efi hutumia vyake na snponly.efi hutumia vya programu dhibiti. Moja ikiganda baada ya kuanza, ijaribu nyingine kabla ya kufikiria kitu kingine chochote. Faili la ipxe.efi ulilojijengea halina saini inayokubaliwa na Secure Boot, na kukataliwa kwake kunaweza kuonekana kama faili bovu.

Ushahidi inaouacha. Hapa ndipo iPXE inapowaacha wenzake mbali. Ukibonyeza Ctrl-B inapoanza unapata mahali pa kuandika amri, na kutoka ndani ya mashine pepe yenyewe unaweza kuendesha dhcp, kutazama route, kufungua config kuona kila chaguo lililopokelewa, na kujaribu chain kwa anwani yoyote bila kugusa seva. Amri ya ifstat huonyesha idadi ya pakiti zilizotumwa, zilizopokelewa na zenye kosa: TX ikipanda na RX ikibaki sifuri, tatizo liko nje ya mashine, na umeokoa saa moja. Kila kosa pia huja na msimbo wenye ukurasa wa maelezo kwenye tovuti ya mradi. Mazoea ninayoyapendekeza ni kumalizia kila mstari muhimu wa skripti kwa || shell, ili kushindwa kukuache mahali pa kuulizia badala ya kukurudisha kwenye orodha ya kuwashia.

Kasi na usalama. Sehemu kubwa ya data hupita kwa HTTP juu ya TCP, kwa hiyo umbali hauiumizi kama TFTP. HTTPS inawezekana ikiwa ilijengwa ndani na vyeti vyake vinaaminiwa, na saa ya mashine pepe isiwe imepotea, kwa maana cheti hupimwa kwa tarehe.

Inamfaa nani. Inamfaa mwenye mashine nyingi zinazohitaji menyu, masharti au mifumo tofauti kwa MAC tofauti, na aliye tayari kutunza kipande kimoja zaidi cha programu katika mnyororo wake. Asiyetaka kujenga wala kusasisha kitu mwenyewe ataiona ni mzigo.

## HTTP Boot ya UEFI

Inavyofanya kazi. Iliingia katika maelezo ya UEFI kwa toleo 2.5 la mwaka 2015. Programu dhibiti hujitambulisha kama "HTTPClient" badala ya "PXEClient", hupokea anwani kamili ya wavuti katika jibu la DHCP, na hupakua faili la .efi, au hata picha ya ISO nzima inayowekwa kwenye RAM kama diski. TFTP haipo kabisa. Hilo humwondolea mtu matatizo ya poti zinazohamahama na vipande vinavyogongana na MTU (ukubwa wa juu wa pakiti).

Inapokwama. Seva ya DHCP isiporudisha neno "HTTPClient" katika chaguo la 60 la jibu lake, programu dhibiti hulipuuza jibu hilo hata kama anwani ya wavuti ni sahihi kabisa. Seva iliyosanidiwa kwa PXE hukwama hapa karibu kila mara, nayo inapaswa kutofautisha pia aina ya mteja, ambayo kwa UEFI ya biti 64 kupitia HTTP ni 16. Anwani ikiwa na jina badala ya namba, DHCP lazima itoe pia seva ya DNS. Baadhi ya programu dhibiti hukubali HTTPS tu na kukataa HTTP tupu, na HTTPS hudai cheti cha mtoaji kiwe kimesajiliwa ndani ya programu dhibiti ya kila mashine pepe.

Kuna na suala la subira. OVMF kwa kawaida hujaribu PXE kwa IPv4, kisha PXE kwa IPv6, ndipo ifike HTTP. Kila jaribio lisilo na jibu husubiri muda wake, na mtumiaji huizima mashine akidhani imekufa wakati zamu ya HTTP haijafika. Panga upya orodha ya kuwashia kabla ya kuhukumu. Kuhusu ISO kwenye RAM, ipe mashine kumbukumbu ya kubeba picha yote na mfumo utakaoisoma, na hakikisha mfumo huo unajua kuipata diski hiyo baada ya kerneli kushika usukani.

Ushahidi inaouacha. Upande wa mashine pepe ushahidi ni haba: mistari michache ya maandishi, na hakuna mahali pa kuandika amri. Upande wa seva ni kinyume. Daftari la seva ya wavuti huonyesha kila ombi kwa saa, anwani na msimbo wa jibu, na wateja wa EDK2 hujitaja kama UefiHttpBoot/1.0, hivyo utafutaji wa neno moja unakuambia kama hatua ya pili ilifikiwa. Msimbo 404 au 403 hauhitaji tafsiri. Neno hilo lisipoonekana kabisa, rudi kwenye DHCP. Kwa QEMU, OVMF iliyojengwa kwa ajili ya uchunguzi inaweza kumwaga maelezo yake kwenye faili kupitia -debugcon na poti 0x402, ingawa maelezo hayo ni marefu na si ya mtu mwenye haraka.

Kasi na usalama. Ni ya kasi na huvuka ruta na NAT bila msaada, maadamu mashine imepata anwani. Ikiunganishwa na HTTPS na Secure Boot, ndiyo yenye ulinzi kamili kuliko zote tatu bila kuongeza programu ya mtu mwingine.

Inamfaa nani. Inamfaa mwenye mashine pepe za UEFI peke yake, hasa zilizo kwenye mitandao kadhaa iliyotenganishwa na ruta, na ambaye tayari anaendesha seva ya wavuti anayoielewa. Mwenye hata mashine moja ya BIOS atalazimika kuendelea kutunza PXE kando yake.

## Iwapo mtandao si wa lazima

Mashine pepe, tofauti na kompyuta ya chuma, inaweza kupewa ISO ndogo ya iPXE kama diski, au kupewa kerneli na initrd moja kwa moja na programu inayoiendesha. Kwa mashine mbili au tatu hili huondoa hatua ya pili yote. Lina manufaa pia kama kipimo: mashine ikiwaka kwa ISO ya iPXE na kushindwa kwa PXE, mtandao wake ni mzima na kosa liko kwenye ROM au kwenye jibu la DHCP.

## Uamuzi kwa kuzingatia hali yako

Ikiwa unajaribu tu kwenye kompyuta yako, na seva na mashine pepe ziko mahali pamoja, PXE na TFTP ya libvirt au ya VirtualBox inatosha, na sababu ya kuongeza kitu juu yake ni ndogo.

Ikiwa una hitilafu sasa hivi na hujui iko wapi, tumia iPXE kama chombo cha uchunguzi hata kama hutakaa nayo: iwashe kwa ISO, ingia kwenye amri zake, na soma ifstat na config. Ukishajua kosa lilipo unaweza kurudi kwenye njia yako ya awali.

Ikiwa mashine zako zote ni za UEFI, Secure Boot haizimwi kwa sera, na kujenga faili lako la iPXE lenye saini si jambo unaloliweza, basi uchaguzi ni kati ya PXE na HTTP Boot, zote zikipakua faili lenye saini. Seva iliyo mbali kwa zaidi ya ruta moja huelekeza kwenye HTTP Boot. Seva ya DHCP usiyoimiliki, ambayo msimamizi wake hatabadili chaguo la 60, hukurudisha kwenye PXE.

Ikiwa mtandao wako ni wa VXLAN na upakuaji huganda kwenye sifuri, punguza kwanza kipande cha TFTP hadi chini ya baiti 1418 kabla ya kuhama. Ikifanya kazi, umeshajua ni MTU, na kuhama kunabaki kuwa hiari.

Na ikiwa kerneli tayari inaandika kwenye skrini kisha inalalamika kwamba haioni mtandao au haiwezi kupata mfumo wa faili, usibadili njia ya kuwashia. Badili aina ya kadi pepe iwe e1000 kwa jaribio moja, ongeza RAM, na ukague kama initrd ina kiendeshi cha kadi uliyokuwa nayo mwanzo.